Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Bima ikiisha, ugonjwa nao umeisha?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Barabara ya Cathedral,
Nairobi.

Nakala: Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, Bodi ya Dawa na Sumu.

MINT: KULAZWA NA KUANDIKIWA DAWA ZA AKILI KWA KUFUATA KADI YA BIMA

Mheshimiwa,

Natanguliza heshima. Barua hii ilianza kama malalamiko ya kawaida, ya kurasa mbili, kwa hospitali moja ya kibinafsi hapa jijini inayotibu magonjwa ya akili. Hospitali ikanijibu kwamba habari za mgonjwa ni siri, ilhali mgonjwa mwenyewe alikuwa ametia sahihi chini ya malalamiko hayo. Kampuni ya bima ikasema kazi yake ni kulipa, si kuhukumu matibabu. Ofisi za serikali nilizopelekea nakala zilinigongea muhuri wa kupokea, na mambo yakakomea kwenye muhuri. Tangu hapo nimesikia simulizi kama yangu kanisani, kazini, hata kwenye foleni ya benki. Ndiyo maana naileta hadharani.

Niseme mapema: sipingi dawa za akili. Nina jirani huku Eastlands anayedungwa sindano yake kila mwezi, na kwa sindano hiyo anaendesha kibanda cha viatu na kusomesha watoto watatu. Asipoipata, mtaa mzima hujua. Ninalolalamikia ni kwamba katika hospitali na kliniki za kulipia hapa Nairobi, kadi ya bima imeanza kuamua nani ni mgonjwa, anaugua nini, alazwe siku ngapi na apone lini.

Mimi ni karani wa hesabu katika kiwanda kimoja Industrial Area. Udaktari siujui. Bili naijua.

1. Msiba uligeuzwa ugonjwa kabla ya arobaini

Mpwa wangu ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Mamake, dada yangu, alifariki mwaka jana. Matanga ya Nairobi tunayajua yalivyo: kamati inaundwa usiku uleule, kundi la WhatsApp linajaa, mchango unapita, basi la kwenda mashambani linakodishwa. Siku mbili baada ya mazishi, mweka hazina anasoma hesabu, kundi linafungwa na kila mtu anarudi kazini. Babake yuko Mombasa bandarini. Msichana akabaki kwenye chumba cha kukodi Ngara, na sufuria za mamake zimepangwa ukutani. Hali, halali, darasani haendi. Nilimpeleka hospitali kwa sababu niliogopa, na mlezi yeyote angeogopa.

Mapokezi swali la kwanza lilikuwa kampuni ya bima. La pili, kiwango cha kulazwa kimebaki kiasi gani. Tulipoingia kwa daktari, kazi ya kumsikiliza ilikwisha upesi kuliko ile ya kujaza fomu, na jina la ugonjwa likapatikana palepale: unyogovu mkali wenye dalili za kupotewa na uhalisia. Nilipokuja kuliona faili baadaye, niligundua kupotewa huko na uhalisia ni nini. Limeandikwa: "Anasikia sauti ya marehemu mamake."

Mheshimiwa, muulize mfiwa yeyote. Muulize mjane ambaye bado anasikia komeo la lango likifunguliwa saa moja jioni. Hata vitabu vya wataalamu vinakiri kwamba kumsikia au kumwona marehemu ni jambo la kawaida katika majonzi, na peke yake si dalili ya wazimu. Mpwa wangu alijua kabisa mamake amekufa. Hakuna aliyemuuliza kama anajua.

Wala wataalamu wenyewe hawajaelewana juu ya msiba. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaofuatwa katika nchi nyingi, ulikuwa ukiwaambia wasikimbilie kumwita mfiwa mgonjwa wa unyogovu katika miezi miwili ya kwanza, ila dalili zikiwa kali mno. Toleo la tano, la 2013, likaliondoa sharti hilo. Miongoni mwa waliopiga kelele alikuwa Dakta Allen Frances, yuleyule aliyeongoza kutungwa kwa toleo la nne. Alionya kwamba majonzi ya kawaida yatageuzwa soko la dawa. Mwaka 2022 mwongozo huohuo ukaongeza ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu, lakini hata huo, kwa mtu mzima, unataka mwaka mzima uwe umepita tangu kifo. Mpwa wangu alikuwa hata arobaini hajamaliza.

2. Siku za kulazwa zilifuata kiwango cha bima

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo mnivumilie.

Bili ninayo. Kila siku ina ada ya kitanda, ada ya daktari kumzuru, ada ya uuguzi na ada ya kikao cha ushauri wa kikundi. Kila siku, Jumapili zikiwemo, na Madaraka Dei ikiwemo. Mpwa wangu anasema Jumapili hakukuwa na kikao chochote. Waliwekewa televisheni kwenye chumba cha kulia, wakakaa hadi wakati wa dawa za jioni. Madaraka Dei nilikuwa pale mwenyewe tangu asubuhi. Mlangoni palikuwa na askari, ndani ya wadi palikuwa na muuguzi mmoja, na daktari sikumwona. Daktari huyo ametoza ada.

Kisha kuna barua za kuomba bima iongeze siku. Nilizipata kwa babake, kwa kuwa bima ni ya kazini kwake. Nimezipanga mezani moja kando ya nyingine. Maneno ni yaleyale, hata kosa la tahajia kwenye mstari wa pili ni lilelile: mgonjwa "bado ni hatari kwa nafsi yake". Kilichobadilika ni tarehe. Kisha ikafika asubuhi ambayo bima ilijibu kwamba kiwango kimeisha. Saa nane mchana nikapigiwa simu nije nimchukue. Fomu ya kumruhusu inasema "ameimarika sana". Mtu aliyekuwa hatari kwa nafsi yake wiki nzima akapona kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Fundi anayelipwa kwa kila siku gari linayolala gereji hana haraka ya kulitengeneza, na hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya kuliko sisi. Ndivyo malipo yalivyopangwa. Lakini fundi hawezi kumwambia mwenye gari kwamba akiliondoa litamuua. Mimi niliambiwa. Nilipouliza kama anaweza kutibiwa akitokea nyumbani, nilijibiwa kwamba akijidhuru nitajibu kwa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Habari hiyo haijafika kwenye meza ya mapokezi, au imefika na hofu bado ina faida.

Mtu asidhani haya ni mawazo ya karani mwenye uchungu. Yameshatokea kwingine na yakafika kortini. Marekani, kampuni ya National Medical Enterprises ilikubali mwaka 1994 kulipa dola milioni 379 kumaliza kesi za ulaghai zilizohusu hospitali zake za akili. Miongoni mwa madai ilikuwa kwamba wagonjwa waliwekwa ndani bila haja mradi bima yao ilikuwa bado inalipa. Mwaka 2020 kampuni nyingine kubwa ya hospitali za akili hukohuko, Universal Health Services, ilikubali kulipa dola milioni 117 kwa madai yanayofanana na hayo, bila kukiri kosa. Kama nchi yenye wakaguzi wengi hivyo ilipitwa, sisi tunategemea nini kujua kwamba hatupitwi?

3. Dawa juu ya dawa, na hakuna aliyeeleza

Alitoka na bahasha nne za khaki. Fluoxetine ya unyogovu. Olanzapine ya hizo "sauti". Diazepam ya usingizi. Ya nne ilikuwa benzhexol, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Artane, ya kutuliza mwili uliokakamaa. Ulikakamaa kwa sababu usiku wa kwanza alidungwa sindano ya haloperidol kwa kulia kwa sauti. Yaani dawa moja ya kumnyamazisha ilizaa nyingine ya kuondoa madhara ya ile ya kwanza, na hiyo ya pili ikaendelea kuandikwa wiki kadhaa baada ya madhara kwisha.

Olanzapine hunenepesha na huweza kupandisha sukari. Inajulikana, imeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya pakiti. Lakini yeye alipewa vidonge vilivyohesabiwa ndani ya bahasha, karatasi ikabaki dukani. Hakupimwa uzito wala sukari. Nguo zilipomkataa ndipo tukajua. Diazepam nayo ni ya muda mfupi, wiki chache, kwa sababu mwili huizoea. Aliandikiwa tena na tena, na hakukuwa na mpango wowote wa kuiacha.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyotungwa 1989 na kurekebishwa 2022, inamtambulia mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu yake na kuyaridhia. Ridhaa yake kwenye faili ni sahihi moja, ya siku ya kuingia, iliyotiwa baada ya sindano. Sahihi yenyewe ukiiona utaelewa.

Kuhusu kampuni za dawa nitasema kidogo, kwa kuwa sina ushahidi wa nani analipwa nini hapa kwetu. Hilo lenyewe ndilo tatizo. Mwaka 2009 Eli Lilly, waliovumbua olanzapine, walikubali kulipa dola bilioni 1.415 Marekani kwa kuitangaza kwa matumizi yasiyoidhinishwa, yakiwemo kwa wazee wenye shida ya kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2012 GlaxoSmithKline wakalipa dola bilioni 3 kwa makosa kadhaa, mojawapo kutangaza Paxil, dawa ya unyogovu, itumiwe na watoto chini ya miaka 18 ilhali haikuwa imeidhinishwa kwao. Marekani walitunga sheria mwaka 2010 inayolazimisha kampuni kutangaza malipo zinayowapa madaktari, na leo mgonjwa wa huko anaweza kutafuta jina la daktari wake aone. Hapa wauzaji wa dawa tunawaona kwenye viti vya kusubiria, suti nadhifu na mkoba wa sampuli, wakiingia kwa daktari kabla ya sisi tuliofika saa kumi na mbili asubuhi. Wanachoacha mle ndani hatukijui.

4. Vituo vya kurekebisha waraibu

Hivi vinahitaji barua yake. Nitataja tu kwamba kuna familia hapa jijini zinazolipa vijana wenye misuli waje usiku kumbeba mtoto wao hadi kituoni, ambako malipo ni ya miezi mitatu, yalipwe mbele, awe amepona mwezi wa kwanza au hajapona. Nani alimpima na kuamua ni miezi mitatu?

5. Wasio na kadi

Upande wa pili wa mji huohuo kuna Mathari, hospitali ya umma ya magonjwa ya akili. Ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kufungia wale walioitwa wendawazimu, na hadi leo ndiyo tegemeo la masikini kutoka karibu kila kaunti. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka pale kwa mkupuo, na nchi ikacheka. Jirani yangu wa viatu hudungwa sindano yake kwenye hospitali ya umma ikiwepo. Isipokuwepo huambiwa akanunue, na mwezi akikosa pesa huikosa. Hakuna anayemwandikia bima barua kwamba ni hatari kwa nafsi yake, kwa maana hana bima ya kuandikiwa.

Kwa hiyo mwenye majonzi anatibiwa kama mwenye wazimu, na mwenye wazimu anaambiwa arudi Jumatatu.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema mimi si daktari. Ni kweli, na sikuja kubishana juu ya ugonjwa. Nauliza kwa nini tarehe ya kupona inalingana na tarehe ya bima kuisha. Hilo ni swali la hesabu.

Mtasema pia, na hapa mna hoja nzito, kwamba Wakenya wengi hawapati matibabu ya akili kabisa, hivyo kulalamika kwamba yamezidi ni anasa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema mwaka 2011 kwamba hadi robo ya wagonjwa wa nje wanaofika hospitalini wana tatizo la akili. Jopo lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. Sipingi hata moja. Lakini madaktari wa akili nchini ni wachache mno, na kila saa ya daktari inayotozwa kwa mtu asiyehitaji kulazwa imetoka kwa mtu anayehitaji. Kuzidi huku na kupungua kule kunalishwa na mfuko mmoja.

Wengine watasema nawatia wagonjwa hofu waache dawa. Basi niseme kwa sauti: asiache mtu dawa ghafla kwa kusoma barua hii. Dawa za unyogovu zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi. Diazepam ikikatwa ghafla baada ya matumizi marefu inaweza kuleta kifafa. Mpwa wangu anapunguziwa ya kwake kidogo kidogo na daktari wa hospitali ya umma, mama mmoja mpole ambaye katika miadi ya kwanza alimuuliza mamake alikuwa mtu wa namna gani. Amerudi darasani. Fluoxetine bado anaimeza, na kama daktari huyo anasema inamfaa, mimi sina neno.

Na kama kuna atakayesema hakuna njia nyingine isipokuwa kitanda na kidonge, basi asome yaliyofanyika hapahapa Nairobi. Dagoretti, wahudumu wa afya wa jamii, watu wa kawaida wasio wanasaikolojia, walifundishwa kuwasaidia wanawake waliolemewa na mawazo, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma, kwa vikao vitano tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Zimbabwe nako, Dakta Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wazee wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare, na utafiti wa 2016 ukaonyesha kwamba inafanya kazi. Serikali yenu iliwapa mikoba wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya laki moja mwaka 2023. Wapo tayari, kila mtaa. Kikao cha namna hii hakina bili ya kupeleka kwa bima, na nahofia ndiyo sababu hakuna aliyetutajia siku ile.

Ninachoomba

(a) Baraza la Madaktari likague faili za wagonjwa wa akili waliolazwa katika hospitali za kibinafsi za Nairobi, lilinganishe siku ya kuruhusiwa na siku kiwango cha bima kilipoisha, na litangaze matokeo. La mpwa wangu anzeni nalo. Ridhaa yake ya maandishi mnayo.

(b) Mgonjwa wa akili anapolazwa kwa kulipiwa, kila ombi la kuongeza siku lipitiwe na daktari wa pili asiyelipwa na hospitali hiyo. Mamlaka ya Udhibiti wa Bima izilazimishe kampuni za bima kugharimia pia ushauri wa mtu anayeishi nyumbani, maana bima inayolipa kitanda na kukataa kikao inamsukuma kila mtu kitandani.

(c) Bodi ya Dawa na Sumu ikomeshe dawa za akili kutolewa kwenye bahasha bila karatasi ya maelezo. Iwepo lugha ya Kiswahili humo.

(d) Itungwe kanuni ya kampuni za dawa kutangaza hadharani malipo, safari na zawadi zinazowapa madaktari, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi.

(e) Katika utaratibu wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo tangu Oktoba 2024 inatukata asilimia 2.75 ya mshahara, vikao vya wahudumu wa jamii viwe huduma ya kwanza kwa mfiwa na mwenye msongo wa mawazo, kabla ya wadi.

Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba pia nielezwe kwa maandishi: ni hospitali ngapi za kibinafsi Nairobi zilizo na leseni ya kulaza wagonjwa wa akili, lini kila moja ilikaguliwa mara ya mwisho, na malalamiko mangapi kuhusu kulazwa bila haja yamepokelewa tangu Sheria ya Afya ya Akili irekebishwe 2022. Sheria inawapa siku 21. Naanza kuhesabu leo.

Jina langu, anwani na nambari ya simu mnazo kwenye barua zilizogongwa muhuri. Hapa sijaviweka, kwa kuwa msichana ana mitihani na hakuomba kujulikana.

Wako mwaminifu,

Mlezi wa mgonjwa,
Eastlands, Nairobi.